Vipande Arobaini

Lori lilikuwa limeshawashwa. Dereva ameegemea usukani anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na moshi unaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mbele cha nyumba ambayo saa moja iliyopita ilikuwa bado na watu. Kitanda kimeshapanda. Godoro limeshapanda. Kabati la vyombo liko juu kabisa, limefungwa kamba kifuani kama mgonjwa aliyevunjika mbavu. Barazani zilibaki ndoo mbili, sufuria zilizofungwa ndani ya shuka, na mwanamke mmoja asiyejua mikono yake aiweke wapi.

Mwanamke huyo, mji ulimwita Mama Hodi. Anayehama hakuwa yeye. Alikuja kumsaidia wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Alifika alfajiri, na tangu alfajiri hakuna aliyempa kitu cha kubeba.

Aliinama ashike ndoo.

"Acha," alisema binti wa wifi, msichana wa miaka ishirini na moja. "Acha tu, nitachukua mwenyewe."

"Nipe hata moja, mwanangu. Ukishika ndoo mbili, sufuria utazishika na nini? Na meno?"

"Nitarudi."

Hakusema shangazi. Miaka yote ilikuwa shangazi nisuke, shangazi mama ananionea, shangazi nifichie hiki. Leo neno lenyewe limemkauka kinywani. Mama Hodi alisikia pengo lile kuliko alivyosikia mngurumo wa lori. Akajisogeza ukutani asimzibie mtu njia.

Mpaka kufika hapo, mambo yalikwenda hivi.

Mama Hodi alikuwa mdodosaji. Kazi yake ilikuwa kugongea watu milango na kuwauliza wanaonaje: barabara, maji, shule, na uchaguzi ukikaribia, kura yao wangempa nani. Ameifanya miaka kumi na tisa, kwa ofisi ndogo ya utafiti wa maoni iliyokuwa ghorofani juu ya duka la vitanda. Watu wanadhani ni kazi ya umbea. Wapi! Ina ukali wake. Mlango huuchagui. Unaanzia ulipoambiwa, unashika mkono wa kulia, unahesabu milango hadi wa tano, hapo ndipo unabisha. Mlango wa tano ukiwa na mbwa, pole yako. Wenyewe wakiwa hawapo, unarudi mara tatu, saa tofauti. Na ukishaingia, humuulizi aliyekufungulia. Unamuuliza yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu kuliko wengine, hata akiwa bibi kizee asiyesikia, hata akiwa mlevi aliyelala. Kisha unaandika alichosema, neno kwa neno, usimsafishie wala usimtilie chumvi.

"Mama Hodi, si ujaze tu mwenyewe?" watu walikuwa wanamtania. "Mtaa huu sote tuna maoni mamoja. Tumechoka."

"Basi niambie umechokea wapi, niandike," naye anajibu, kalamu iko tayari.

Chini ya kila fomu kulikuwa na kipande cha kuchana. Kwenye kipande aliandika nyumba na namba ya simu. Fomu ilikwenda kuhesabiwa bila jina. Kipande kilikwenda kwa msimamizi, ambaye ofisini walimwita Bwana Asilimia, mtu mwembamba ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anakwambia, "Asilimia sitini niko sawa." Bwana Asilimia alipiga simu kwa wachache kuhakikisha kwamba kweli walifikiwa. Fomu na kipande chake vilikuwa na namba moja. Ukiviweka pamoja, mtu anaonekana na maneno yake. Ndiyo maana simu zikishapigwa, vipande vilirudishwa kwa mdodosaji avichome, kisha asaini daftarini: vimechomwa. Kwa sababu hiyo Mama Hodi aliweza kumkazia mtu macho na kumwambia, "Jina lako silichukui, na hiki kipande kitakuwa majivu kabla mwezi haujaisha."

Lakini alikuwa havichomi.

Miaka tisa nyuma wenzake sita walikutwa wamepika fomu, yaani wamekaa kibanda cha chai wakijaza majibu kutoka kichwani na kugawa kura kama karata. Fagio lilipopita likamzoa na yeye. Alikaa nyumbani miezi minne akiitwa mwongo na watu ambao hawajatembea hata robo ya alipotembea yeye. Vipande ambavyo vingemtetea alikuwa ameshavichoma, kwa mkono wake, kama alivyoagizwa. Baadaye ukweli ulijulikana, akarudishwa, akapewa pole. Pole ile haikumshuka kooni. Kuanzia hapo alisaini daftari kama kawaida, ila vipande akawa anaviweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Alitaka tu, siku nyingine akiitwa mpishi wa fomu, awe na cha kuonyesha.

Sasa ulikuja uchaguzi wa meya. Zikiwa zimebaki wiki saba, Mama Hodi alikabidhiwa fomu arobaini, na eneo la mwisho kwenye orodha yake lilikuwa nyumba za watumishi nyuma ya hospitali ya mji. Huko ndiko alikokaa wifi yake, mfuaji wa hospitali, ambaye kwa miaka kumi na saba mikono yake ilikuwa ndani ya maji kuliko ilivyokuwa nje. Fomu thelathini na tisa zilikwenda vizuri. Ya arobaini ikakwama. Mlango wa tano ulikuwa na kufuli mara zote tatu alizorudi, na sheria inasema, hapo unahamia mlango unaofuata. Unaofuata ulikuwa wa wifi.

Ndugu hawaulizwi. Hiyo nayo ni sheria. Mama Hodi alishaupita mlango aliposikia nyuma yake, "We! Unanipita kama gari la wagonjwa?"

"Niko kazini, wifi. Nitapita jioni."

"Nakutaka hivyo hivyo ukiwa kazini. Njoo uniulize."

"Ndugu siwaulizi. Ndiyo sheria yetu."

"Sheria ya nani? Miaka kumi na tisa unauliza mji mzima. Umemuuliza yule mlevi wa kona, umemuuliza na mkewe. Mimi hata siku moja! Kaka yako naye hakuniuliza, alimuuliza baba yangu. Kazini siulizwi, naambiwa. Hebu niulize na mimi, nione inakuwaje."

Alisema huku anacheka, lakini tayari alikuwa amefuta viti viwili kwa kitambaa. Akakaa kwenye kimoja, mikono juu ya mapaja, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mama Hodi alitazama jua, akatazama miguu yake, akatazama ile fomu moja iliyobaki. Akakaa.

Alimuuliza maswali yote thelathini na mawili, kwa sauti yake ya kazini, na wifi akajibu moja moja, taratibu. Mara mbili alimrudisha nyuma: "Lile la maji, futa, nimefikiri vizuri zaidi."

"Swali la ishirini na tisa. Uongozi wa mji ushughulikie jambo gani kwanza?"

"Sabuni."

"Wifi, bwana."

"Andika sabuni! Miezi mitatu hatuletewi. Mashuka ya wodi ya wazazi nafua kwa maji matupu, na damu haitoki kwa maji matupu, wewe ni mwanamke unajua. Meya alipokuja kukata utepe, vitanda vyote tulivitandika mashuka ya kuazima. Jioni yakarudi kwa wenyewe. Andika hivyo. Halafu andika: akitaka kura yangu aje afue siku moja, mimi nitakaa kwenye gari lake nimpungie mkono."

Mama Hodi aliandika neno kwa neno, akicheka mpaka mistari ikapinda. Swali lililofuata lilikuwa la kura. Wifi aliteremsha sauti, akataja jina. Halikuwa la meya.

"Basi tumemaliza. Asante kwa muda wako." Ndivyo fomu ilivyoagiza kumalizia.

"Kumbe ndiyo hivi," wifi alisema, akabaki amekaa. "Raha, jamani. Mtu unajiona upo."

Matokeo yalitoka Jumatatu. Meya, aliyezoea sitini na kitu, alikuwa na asilimia thelathini na nne. Jumatano redio ya mji ikasema ofisi imenunuliwa. Alhamisi ikabadilisha: haikununuliwa, ila wadodosaji wake ni wavivu, walijaza fomu kwenye vibanda vya chai. Mama Hodi aliisikia akiwa sokoni na kitunguu mkononi. Muuza vitunguu alimtazama, akageuza macho upande mwingine.

Ijumaa ofisini alikuja mgeni. Shati jeupe, sauti ya chini, viatu visivyojua vumbi. Fomu zote alishazitoa kabatini na kuzipanga mezani kabla hajaulizwa anataka nini. Kisha akakaa kwenye kiti cha Bwana Asilimia.

"Nionyesheni mliongea na nani."

"Haiwezekani," alisema Bwana Asilimia. "Vipande vimechomwa. Daftari hili hapa, saini hizi hapa. Ndivyo tulivyowaahidi watu."

"Basi hamkuongea na mtu."

"Tumeongea na watu elfu moja na mia mbili."

"Ambao wote ni majivu." Mgeni alitabasamu, akamgeukia Mama Hodi. Aliitwa yeye kwa sababu mitaa yake ndiyo iliyomuuma meya kuliko yote. Akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, mdodosaji, alijaza fomu zake arobaini bila kuonana na mtu yeyote, na kwamba anaomba radhi.

"Saini hapo, mama, yaishe. Ofisi itaomba radhi, meya atasamehe, wewe utapumzika. Hakuna atakayeguswa."

Mama Hodi alimtazama msimamizi wake. Bwana Asilimia alikuwa ameshapiga hesabu mbele: uongo wa mtu mmoja, usalama wa watu arobaini. Hakuweza kuyasema hayo mbele ya yule bwana. Alichoweza ni kuinamisha kichwa, kidogo tu: saini.

Lakini Mama Hodi hakuona hesabu. Alichoona ni bosi wake wa miaka kumi na tisa anakubali mbele ya mgeni kwamba yeye ni mpishi wa fomu. Damu ikampanda.

"Mimi sijapika," alisema. "Visigino hivi vimepasuka kwa fomu hizi. Sijapika hata moja tangu nizaliwe."

"Saini tu, dada yangu," Bwana Asilimia alisema polepole. Hakuwahi kumwita dada.

"Sisaini. Vipande vyangu ninavyo."

Bwana Asilimia alifumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza gari linakuja kwa mbali.

"Unavyo?" mgeni aliuliza, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Basi mbona umekwisha kujitetea, mama. Tutapigia watano tu, turidhike. Kesho utavichoma mwenyewe, mbele yangu."

Walimpeleka kwake kwa gari, wakamngoja nje. Alipiga magoti, akavuta mkebe. Kipande cha arobaini kilikuwa juu kabisa, kwa ule mwandiko wake mzuri: nyumba namba kumi na moja, nyuma ya hospitali. Kwa wifi. Akakitoa, akakitia kifuani. Akahesabu vilivyobaki kwenye fungu la uchaguzi huu: thelathini na tisa.

Akamwona mawazoni mgeni naye anahesabu. Akamsikia kabisa: na huyu mmoja, mama, huyu ulimpika? Na kama ulipika mmoja, kwa nini nikuamini hawa wengine? Akaiona miezi minne mingine ya kukaa ndani. Huko nje dereva alipiga honi, mara moja tu, kwa adabu.

Akakitoa kifuani, akakirudisha.

Watano kati ya arobaini, alijiambia akilipeleka fungu lile garini. Kwa nini awe yeye?

Kesho yake mgeni hakuja. Wala kesho kutwa. Redio iliacha habari za vibanda vya chai, na Mama Hodi akatembea kichwa juu kwa wiki mbili nzima. Kisha mambo yakaanza kuingia, moja moja, kwa barua zenye lugha nzuri. Mwenye duka wa fomu ya saba alinyimwa leseni mpya. Mwalimu wa fomu ya kumi na tisa alihamishiwa shule ambayo ilibidi aulizie njia. Wifi aliitwa kwenye ofisi ya utumishi ya hospitali, Jumanne mchana.

Kutoka huko alikuja moja kwa moja kwa Mama Hodi, hata aproni hakuvua.

"Wifi, kuna mtu amenisomea."

"Amekusomea nini?"

"Maneno yangu. Ya sabuni, ya mashuka ya kuazima. Ana karatasi mbele yake, anasoma polepole kama mtoto wa darasa la pili. Akafika mpaka pale pa kupunga mkono. Akaniuliza, mama, huu mzaha ni wako? Nikasema ni wangu. Ningesemaje? Ni wangu."

"Njia nzima nimekuja najiambia, labda dirishani kulikuwa na mtu. Labda binti yangu kaongea huko anakopita. Nimemshuku mwanangu, wifi. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Hebu niambie dirishani kulikuwa na mtu."

Alikuwa anaomba. Angepewa uongo, angeushukuru. Lakini Mama Hodi maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema ilivyo.

"Hakukuwa na mtu," alisema. Akamweleza yote: mkebe, daftari, karatasi ya kusaini, kipande kifuani. Alidhani akieleza mpaka mwisho, mwishoni kutakuwa na nafuu.

"Ulikitoa," wifi alisema.

"Nilikitoa."

"Kisha ukakirudisha."

"Wangesema nimepika."

"Si wangesema tu?" Wifi alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Kusema, wifi. Hospitali ile wameniita majina yote, na bado asubuhi naamka naenda. Wangesema, ukalala, ukaamka." Akasimama. Mlangoni akakumbuka alichokuja kusema. "Nafasi yangu imefutwa. Nyumba wanaitaka ndani ya siku kumi."

Siku ya kumi ndiyo ile asubuhi ya lori.

Binti alirudi, akabeba sufuria za mwisho. Wifi alitoka wa mwisho, akafunga mlango, akauvuta kitasa mara mbili kama anayeondoka kwenda kazini, akampa mlinzi ufunguo. Ili alifikie lori ilibidi apite pale ukutani. Alipita, akasimama. Kwa karibu hivyo Mama Hodi aliona kwamba amevaa viatu vyake vya kutokea.

"Wifi," Mama Hodi alisema, "usiondoke hivi. Niambie neno. Hata tusi. Nambie unanionaje."

Wifi alifikiri. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri siku ile kwenye kiti.

"Sina maoni," alisema.

Hakusema kwa kukomoa. Alisema kama mtu aliyechoka, anayetaka kufunga mlango wake taratibu mgeni asikasirike. Akapanda mbele, binti akapanda, dereva akatupa njiti yake nje, na lori likaondoka.

Meya alishinda. Walitangaza asilimia sitini na mbili, na hakukuwa na ofisi ya kusema vingine, maana ile ya juu ya duka la vitanda ilifungwa wiki moja kabla ya kura. Bwana Asilimia anapima mizigo kwenye ghala la saruji. Wanaofanya kazi naye hawajui kwamba aliwahi kuitwa hivyo. Mgeni wa shati jeupe alipandishwa cheo, akahamia mji mkubwa zaidi. Mwenye duka aligeuza duka kuwa chumba cha kupangisha. Mwalimu bado yuko kule kule. Mwaka uliofuata ilikuja ofisi mpya ya maoni, yenye vijana na vifaa vya kubonyeza. Katika mitaa ile, watu arobaini kwa arobaini walijibu kwamba wanaridhika sana. Nyumba namba kumi na moja wanakaa fundi wa jenereta na mkewe. Mama Hodi anafagia soko asubuhi na kurudi kwake mchana. Habari za wifi huzipata kwa yule dereva wa lori, akipita. Wifi amepanga chumba mji wa mbali, mwendo wa nusu siku, anafulia nyumba ya wageni, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tena. Barua tatu alizotumiwa alizipokea, hakuzijibu. Binti aliolewa, na kwenye harusi nafasi ya shangazi alikaa jirani. Sasa ana mtoto wa kike, wa miezi mitano. Mama Hodi hajamwona.